Swali kwa Fundi: Kufungua silinda hedi uani kwako

Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Tabata. Nina Carina Ti ya mwaka 1999, injini ya 5A. Mwezi uliopita nikirudi kutoka Kibaha nilinasa kwenye foleni Kimara, mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho. Nilipaki pembeni, nikasubiri kama dakika kumi, nikajaza maji, nikafika nyumbani. Tangu siku hiyo gari linakula maji, asubuhi linatoa moshi mweupe, na nikifungua kifuniko cha oili nakuta kitu kama chai ya maziwa. Fundi wa mtaani amesema hedi imepinda, ninunue injini nyingine ya mtumba. Likizo ya Juni ninayo, boksi la spana ninalo, breki na plagi nabadilisha mwenyewe. Je, naweza kufungua hedi nyumbani na kuitengeneza?
Mwalimu, Tabata

Marahaba mwalimu, na pole kwa yaliyokukuta Kimara.

Unaweza. Nimeona watu wasio mafundi wakifungua hedi uani kwao, wakaifunga, na gari likatembea miaka. Injini yako inamfaa anayejifunza: ina nafasi ya kuingiza mkono, na spea zake zimejaa Kariakoo na Gerezani. Habari ya kununua injini nyingine iache kwanza. Huyo aliyekuambia hedi imepinda aliipima na nini, nayo bado iko garini? Hedi hupimwa ikiwa mezani, uso wake ukiwa safi. Na injini ya mtumba nayo hujui ilichemka mara ngapi huko ilikotoka.

Kabla hujashika spana, jibu swali ambalo hukuulizwa: gari lilichemsha kwa nini? Hedi yako, yaani kifuniko cha juu cha injini, ni alumini; bloku iliyo chini yake ni chuma, na gasketi ndiyo inayoziba kati yao. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na hedi hiyo imebanwa chini na bolti kumi. Joto likizidi inataka kurefuka, haina pa kwenda, inajikunja. Kwa hiyo hedi ndiyo iliyoumizwa. Kilichoiumiza bado kimo ndani ya gari, na ukifunga gasketi mpya bila kukitoa, mwezi wa nane utaniandikia tena.

Anza na feni. Je, inawaka yenyewe mshale ukifika mahali pake pa kawaida? Halafu rejeta: injini ikishazimwa, chomoa soketi ya feni isije ikawaka ukiwa na mkono humo, kisha papasa rejeta taratibu kwa kiganja. Ukikuta kipande cha baridi katikati ya sehemu ya moto, hapo njia zimeziba. Halafu pampu ya maji na themostati, ile inayofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto.

Na maji yenyewe, mwalimu. Unajaza maji gani? Nakuuliza kwa sababu wengi wetu hapa Dar tunatumia maji ya kisima, na visima vingi ni vya chumvi. Maji yanayokushinda kuogea kwa sabuni unayamimina kwenye injini ya alumini, yazunguke humo ya moto mwaka mzima. Nimefungua hedi ambazo matundu ya maji yameliwa mpaka yamefika kwenye ule ukingo unaokaliwa na gasketi. Hedi ya namna hiyo hata uichonge vipi gasketi haina pa kukalia. Ijazwe kwa kuchomelewa alumini ndipo ichongwe, au utafute hedi nyingine. Tumia kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, na ukikosa tumia maji ya kunywa yaliyosafishwa. Ya kisima yawe ya kukufikisha nyumbani tu.

Sasa hakikisha ugonjwa. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji mpaka juu, washa. Mapovu yakipanda mfululizo wakati injini haijapata moto, ujue moshi wa ndani ya silinda unapita kwenye gasketi au kwenye ufa. Kifuniko hicho usikifungue kamwe injini ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa kwa presha humo yanaweza kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka, na ukiachia presha yanakurukia usoni.

Ukisharidhika, tandika turubai chini na funga lingine juu, kwa sababu Tabata kuna mchanga na punje moja ndani ya silinda itachora ukuta wake. Ondoa waya wa negativu kwenye betri, mwaga maji na oili, piga picha kwa simu kila unapochomoa waya au mpira. Nunua trei ya mayai. Ina vishimo 30: valvu 16 zinaenea zikiwa na springi zake, kila moja na namba yake kwa maka peni. Valvu zikichanganyika kazi ya kuzisaga huwa mara mbili. Bolti za hedi zina urefu wa aina mbili, milimita 90 na milimita 108; zichome kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio uleule zilivyokaa.

Kamshafti, zile shafti mbili za juu zinazofungua valvu, ndizo zinazowaponza wengi kwenye injini hii. Mkanda wa taimingi unazungusha kamshafti moja tu. Ya pili inazungushwa na mwenzake kwa gia zilizo ndani ya hedi. Gia mojawapo ni pacha, gia mbili nyembamba zilizovutwa na springi ili zisipige kelele. Kabla ya kulegeza chochote, ingiza bolti ya milimita 6 kwenye tundu la gia hiyo ili pacha hao wakae pamoja. Ukisahau, springi inaachia, meno yanapishana, na kuyarudisha ni shughuli ya mchana kutwa. Kisha vifuniko vya kamshafti vilegeze kidogo kidogo kwa zamu, shafti ipande ikiwa mlalo. Ikipanda kiupande, inamegua alumini inapokalia.

Bolti za hedi nazo hulegezwa kwa mizunguko mitatu hivi, ukianzia pembeni kuingia katikati. Injini iwe imelala usiku mzima. Hedi iliyofunguliwa ya moto inaweza kupinda palepale mbele yako.

Hedi ikiwa mezani, safisha uso. Nakuomba sana, usiweke grainda wala diski ya msasa. Inakula alumini bila wewe kujua, na unga wake unaingia kwenye njia za oili na kuja kuua beringi za krenki, ile shafti ya chini inayozungushwa na pistoni. Tumia thina na kipande cha mbao ngumu kilichochongwa bapa, kwa subira. Mimi hedi moja hunichukua saa moja na nusu kusafisha tu, na sioni kuwa ni muda wa bure.

Kisha pima. Unahitaji rula ya chuma ya mafundi iliyonyooka kweli (ile ya kuchorea ubaoni haifai) na fila geji, vile vijani vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya, yenye jani la milimita 0.05. Jani hilo ni kama nusu ya unene wa karatasi unayochapia mitihani. Laza rula kwa urefu ukingo mmoja, halafu ukingo wa pili, halafu ncha moja na ncha nyingine kwa upana, halafu pembe hadi pembe mara mbili. Kila mara jaribu kupitisha jani chini ya rula. Kwa injini za familia yako mwisho unaoruhusiwa upande wa bloku ni hiyo 0.05. Jani likikataa kila mahali, hedi yako haijapinda, na hakuna haja ya kuichonga hata ingekuwa bure. Likipita, itaenda kwa mkerezaji, fundi mwenye mashine ya kuchonga chuma. Pima na uso wa bloku vilevile. Wengi hawapimi bloku, wanafunga hedi nzuri juu ya bloku mbaya.

Nyufa zitafute kati ya valvu na valvu, na kati ya valvu na tundu la plagi. Hapa wewe una vifaa kuliko mimi. Paka mafuta ya taa eneo lote, acha robo saa yazame, futa mpaka pakauke, kisha pondaponda choki nyeupe na upake unga wake. Subiri. Palipo na ufa mafuta yatatoka tena taratibu na kuchora mstari mweusimweusi kwenye choki, mwembamba kama unywele. Njia hii haimalizi kila kitu, kwa hiyo hedi ikienda kwa mkerezaji mwombe aijaribu pia kwa presha.

Kwa mkerezaji usiseme "piga hedi" ukaondoka. Kaa naye. Mwambie achonge kiasi cha kuondoa upindo tu, maana kila anachokata kinaisogeza hedi karibu na pistoni na kupandisha kompresheni. Ukirudi nyumbani fanya jaribio ambalo watu hulisahau: weka kamshafti peke yake bila tepeti (vile vikombe vinavyokaa kati yake na valvu), kaza vifuniko vyake kwa nguvu ya 13 Nm kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, uizungushe kwa vidole. Hedi iliyopinda chini huwa imepinda na juu, na kuchonga chini hakunyooshi juu. Kamshafti ikikwama, hedi hiyo usiifunge, tafuta nyingine.

Kusaga valvu ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na inafaa kabisa kufanyiwa uani. Unapaka pesti ya kusagia kidogo kwenye mdomo wa valvu, unabandika kile kijiti chenye kikombe cha mpira, kisha unapekecha kati ya viganja kama mtu anavyopekecha mlenda kwa upekecho. Mwanzo inakwaruza kama mchanga kwenye sahani. Inua, geuza kidogo, pekecha tena. Baada ya dakika kadhaa sauti inalainika, mkono wenyewe unasikia. Futa, tazama: unataka pete moja ya kijivu isiyokatika popote, upana wake milimita 1.0 hadi 1.4. Ikikatika sehemu moja, endelea. Ikiwa pana kupita hapo, au valvu inacheza ndani ya gaidi yake (bomba linaloiongoza), hiyo ni kazi ya mashine. Ukimaliza osha kila kitu mpaka kidole chako kisisikie pesti popote, funga sili mpya za valvu na springi, geuza hedi, mimina mafuta ya taa kwenye njia za hewa na za moshi. Yasipovuja kupita valvu kwa dakika chache, umesaga vizuri.

Sasa nikusimulie kitu ambacho kimenikaa moyoni miaka mingi. Mwaka wangu wa pili wa kujifunza ufundi, kwenye gereji moja Gerezani, nilipewa kufunga hedi ya Corolla ya dereva teksi. Bloku nilikuwa nimeiosha kwa maji asubuhi, ikang'aa. Nikakaza bolti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikawa nzito, nikaongeza nguvu, nikasikia "tik" ndogo kama kijiti kuvunjika. Tundu la bolti lilikuwa na maji chini. Maji hayabonyei, bolti ilipoyasukuma yakapasua bloku kwa pembeni. Mwenye teksi alikuwa amekaa siku tatu kwenye benchi mbele yetu akisubiri riziki yake, na mimi ndiye niliyemwambia. Mwalimu wangu alilipa bloku nyingine. Hakunigombeza, alinipa bisibisi ndefu iliyozungushiwa kitambaa akasema nikaushe matundu yote kumi, moja moja, mbele yake. Mpaka leo nakausha hivyohivyo, halafu napuliza kwa kompresa. Na wewe fanya hivyo kabla ya kuweka gasketi. Macho uyafunike kwa miwani unapopuliza.

Gasketi mpya iweke kavu, bila silikoni. Bolti zipake oili kidogo kwenye nyuzi na chini ya kichwa. Azima toki renchi, usikaze kwa kubahatisha. Unaanzia katikati kwenda nje, kwanza 29 Nm zote kumi, kwa awamu. Kisha weka alama ya rangi kwenye kila kichwa upande wa mbele ya injini, zungusha kila moja nyuzi 90, yaani robo mzunguko, kwa mpangilio uleule, kisha nyuzi 90 nyingine. Mwisho alama zote zitakuwa zinatazama nyuma, na kwa kutazama tu utajua kama umeruka moja. Hizo ni namba za familia ya 5A na 7A. Kwa injini nyingine yoyote fuata kitabu chake.

Kwa kuwa umesaga valvu, mikia yake imepanda juu kidogo na nafasi ya tepeti imepungua. Pima zote injini ikiwa baridi: za hewa ziwe kati ya milimita 0.15 na 0.25, za moshi hutakiwa kubwa kidogo kwa sababu ndizo zinazokaa motoni. Zisipofika, utabadilisha vile visahani vilivyo juu ya tepeti. Mkanda wa taimingi weka mpya, alama zilingane, kisha zungusha krenki kwa mkono mara mbili kamili na uzitazame tena kabla ya kugusa ufunguo.

Oili iliyochanganyika na maji usiihurumie. Weka ya bei nafuu, washa injini dakika kumi, mwaga, badilisha filta, ndipo uweke oili yako. Jaza kulanti taratibu hita ikiwa imefunguliwa upande wa moto, huku ukiminyaminya mpira wa juu wa rejeta hewa itoke. Halafu niandikie unieleze mshale ulikaa wapi ukiwa kwenye foleni ya Kimara.

Fundi, Noah yangu ilikuwa inachemsha. Nilipoipeleka gereji walitoa themostati wakasema Dar ni joto, haina kazi. Sasa haichemshi nikiwa barabarani, ila foleni ya Mbagala inapanda tena. Kuna nini?
Dereva, Mbagala

Ndugu yangu, rudisha themostati. Hili nalisema kila mwezi na nitaendelea kulisema, kwa sababu limeua injini nyingi mjini hapa. Themostati ya Toyota yako ina kazi mbili. Injini ikiwa baridi inazuia maji yasiende kwenye rejeta. Ikipata moto inafungua njia ya rejeta, na wakati huohuo kisahani chake cha chini kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji yako inazunguka ya moto bila kupozwa, na kwenye foleni, ambako hakuna upepo, ndipo inapoonekana. Barabarani nako injini inakaa baridi kuliko inavyotakiwa, inapewa petroli nyingi, na wewe unalipa kituoni.

Nunua yenye namba 82, yaani nyuzi joto inapoanza kufunguka. Kabla ya kuifunga, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, washa moto utazame. Inatakiwa ianze kufunguka maji yakiwa hayajachemka. Ikiwa yanatokota nayo bado imefunga, ni mbovu au ni feki, irudishe dukani. Kisha tafuta kilichokuwa kinachemsha tangu mwanzo, nami ningeanza na feni na rejeta.

Habari fundi. Gari langu ni IST. Asubuhi nikiwasha linatoa moshi wa bluu kidogo, baada ya dakika mbili unakata. Nimeambiwa linahitaji kufunguliwa injini yote. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.
Dada wa Kigamboni

Dada yangu, pesa yako iweke kwanza. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ukitokea asubuhi tu na kukata, mara nyingi ni sili za valvu: mpira umekauka, usiku oili inateremka tone tone juu ya valvu, asubuhi inaungua. Ringi za pistoni zikichoka, moshi huonekana zaidi ukikanyaga mafuta kupanda mlima. Mwombe mtu akufuate nyuma kwa gari lake, mpande mlima wowote, atazame.

Ikiwa ni sili, kwa fundi mwenye kifaa cha kubana springi ndani ya mashimo ya tepeti, hata hedi haifunguliwi. Anatoa kamshafti, anaingiza kamba safi ya nailoni kwenye tundu la plagi, anazungusha krenki kwa mkono mpaka pistoni iisukume kamba juu ishikilie valvu zisidondoke, kisha anabadilisha sili moja moja. Muulize fundi wako kama anaijua njia ya kamba. Asipoijua, muulize mwingine.

Shikamoo fundi. Mimi najifunza ufundi Temeke. Bosi wetu kila hedi tunayofunga anaikaza tena baada ya siku tatu. Nimesoma kwamba haitakiwi. Nani yuko sahihi?
Kijana, Temeke

Marahaba mwanangu. Inategemea injini. Magari ya zamani na baadhi ya malori, kitabu chake kinasema kabisa hedi ikazwe tena baada ya kutembea, kwa sababu gasketi zake hukaa chini. Bosi wako alijifunzia hizo, na kwa hizo yuko sahihi. Bolti zinazokazwa kwa kuzungushwa nyuzi, kama hizo za 90 na 90 nilizomweleza mwalimu hapo juu, hedi ikishafungwa hazikazwi tena. Ukizirudia unazivuta kupita kiasi na zinaweza kukatika. Mwonyeshe bosi ukurasa wa kitabu cha injini mnayofunga, mkiwa wawili, mteja akiwa hayupo.